Mrututu Uliokataa Kukauka

Ukiukaanga mrututu kwenye moto, unapoteza bluu yake na kubaki unga mweupe. Udondoshee maji, bluu inarudi. Ni chumvi ya shaba isiyo na makuu, haina siri na mtu. Sasa ule wa maabara ya shule ulikuwa unarudi bluu wenyewe, ndani ya chupa kavu iliyokazwa kizibo.

Mwalimu wa kemia alichoka hadi basi. Kesho yake darasa lake lilikuwa na mtihani wa vitendo wa chumvi hiyohiyo, na mkuu wa shule alishasema wakifeli tena, maabara inageuzwa stoo. Alibadilisha vizibo. Akabadilisha chupa. Akamgombeza fundi wa maabara kwamba anapuliza unga upoe haraka, wakati pumzi ina maji. Fundi akaapa hajapuliza kitu.

Basi wakafungia unga mweupe ndani ya chombo kizito cha kioo, mfuniko wakaupaka grisi, wakakaa kuuangalia mchana kweupe. Kwanza ikaja harufu ya nguo zilizolala na maji. Kisha kioo kikafanya ukungu, tena kwa ndani, ukungu uliokuja na kwenda, ukaja na kwenda, polepole kama wa mtu aliyelala, na chini yake unga ukaanza kushika bluu, doa moja moja, huku sauti nyembamba ya kuvuta pumzi ikisikika mle ambamo hata panya asingepata hewa ya kumtosha.

"Mwalimu," fundi akanong'ona, "humu kuna mwenyewe. Tumwite mtu wa kusoma dua."

Mwalimu hakuwa na muda wa kisomo. Hasira zilimpanda, machozi yakamlengalenga, akauinamia mfuniko.

"Sikiliza wewe. Kaa popote unapotaka, ila toka kwenye chombo changu."

Fundi akashika kichwa. Ukungu ukatoweka. Unga waliokaanga upya ukabaki mweupe pee, na mwalimu akaenda nyumbani akicheka peke yake.

Kesho yake kila mwanafunzi alikaanga wake, ukawa mweupe. Mwalimu akapita kati ya meza kwa furaha, na kila meza aliyoinamia, unga ukageuka bluu kabla maji hayajaguswa. Wengine wakaanza kulia. Akafungua mdomo awatulize, sauti isitoke.

Fundi akaja hadi mbele yake, akamkazia macho, akasema kwa adabu, "Tafadhali, toka."

Hakuwa anamwambia mwalimu.