Mtandao Uliotusindikiza

Dada yangu Sabra alikuwa na kazi ambayo Mama hakuwahi kuielewa: kupima mtandao. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilimpa gari, dereva na simu nne, kila moja na laini ya kampuni tofauti, zikafungwa kwenye dashibodi. Gari likitembea, simu zilishusha na kupandisha mafaili bila kupumzika, na kompyuta ikawa inaandika kasi imefika ngapi na imekatikia wapi.

"Yaani unalipwa kwa kuzurura na simu," Mama alikuwa akimwambia.

"Na wewe unaringia majirani kwa hela hiyo hiyo," Sabra alimjibu, wakacheka wote wawili.

Tunakaa Chumbageni, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene. Mtandao wetu unakamata dirishani sebuleni, mistari miwili, na si kwingine. Anayetaka kuongea husimama pale kama mtu anayechungulia arusi ya jirani. Sabra akisafiri aliniachia mwanawe, Nasri, ambaye siku hizo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza maneno. Walikuwa na mchezo wao. Sabra akipiga simu ya video, kabla ya yote alisema, "Hodi," na Nasri alipiga kelele, "Kaibu!"

Yaliyotokea ng'ambo ya mto Pangani sikuyaona. Nilimuuliza Sabra, kisha nikamuuliza Hosea, dereva wake, peke yake. Maneno yao yalilingana.

Walikuwa wamebakiza kijiji kimoja, ambacho sitakitaja. Simu zote nne zilikuwa hazisomi kitu tangu asubuhi, na takwimu za siku zilitakiwa zifike ofisini kabla hawajavuka kurudi. Walipoingia kijijini, akina mama waliwaita watoto ndani. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, mchana kweupe.

Duka moja lilikuwa wazi. Mwenyewe anaitwa Masoud.

"Asalaam aleikum," alisema Sabra.

Masoud hakuitikia. "Mnatafuta nini?"

"Mtandao, kaka. Hapa kwenu unakamata wapi?"

Akamtazama Sabra, akamtazama Hosea, akalitazama gari. "Mnakaa wapi?"

"Tanga mjini."

"Mbali," alisema, na hapo ndipo alipotabasamu. "Nendeni kwenye nyumba ile ya mawe. Pale haukatiki."

"Mbona wewe hujahamishia duka lako pale?" Hosea akamtania.

Masoud alifunga dirisha la duka.

Nyumba ilikuwa gofu la matumbawe, haina paa, haina milango, imebaki miimo tu. Majani yaliota juu ya kuta. Lakini sakafu ilikuwa imefagiwa. Alama za ufagio zilikuwa bado mbichi.

Sabra alibeba simu zake hadi kwenye miimo, akasimama. "Hodi," alisema.

"Dada Sabra, unawabishia hodi popo?" Hosea alicheka akiwa ndani ya gari.

"Mama yangu angenichapa nikiingia nyumba ya watu kimya. Hodi." Kimya. "Hodi."

Baada ya hodi ya tatu, simu zote nne zilipanda. Hazikupanda kwa zamu kama kawaida yake, moja ikiwa juu na nyingine chini. Zilipanda pamoja, mistari mitano kila moja. Sabra ameipima nusu ya nchi hii na anaijua minara yote ya upande ule. Ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya mto, na kati yake na nyumba hiyo kuna kilima. Kasi aliyoisoma hajawahi kuisoma hata Dar es Salaam. Akaingia, na kazi ya siku nzima ilipanda kabla hajapata pa kukaa.

Hosea akapiga honi. Pantoni haisubiri mtu. Sabra alikusanya simu zake, akatoka mbio, akaingia garini.

Walipopita dukani, watu walikuwa wamefungua milango na kusimama nje. Mwanamke mmoja aliinua mkono, akapunga taratibu, kama unavyomuaga mtu uliyeishi naye. Hakuwa akimwangalia Sabra. Alikuwa akikiangalia kiti cha nyuma.

Mtandao haukushuka. Si porini, si kwenye bonde. Sabra alifurahi mwanzoni, akadhani programu imekwama, akaizima na kuiwasha. Ilikuwa sawasawa. Kwenye pantoni walishuka kupunga upepo, wakasimama ubavuni mwa gari. Abiria mmoja akamsogelea Hosea.

"Bwana, joto lote hili, mbona umemfungia bibi yule ndani?"

Hosea aligeuka kumtafuta Sabra. Sabra alikuwa amesimama bega kwa bega naye.

Waliingia garini, wakaja.

Alinipigia walipofika kwenye mashamba ya mkonge. Hapo ninapajua. Kila safari picha yake huganda hapo, mdomo wazi, kisha simu inakata. Siku hiyo haikuganda. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Nilisikia indiketa ya gari kana kwamba iko sebuleni kwetu.

"Asma," alisema kwa sauti ya chini. "Nasri yuko wapi?"

"Huyu hapa miguuni kwangu. Una nini?"

Ndipo tukasikia hodi.

Sauti ya mwanamke, ya adabu, ya polepole. Nilijua imetoka kwake, kwenye simu.

"Nani huyo yuko nawe?" nikauliza.

"Nami nakuuliza wewe," alinong'ona Sabra. "Nani amebisha hapo kwenu?"

Nasri aliinua uso. Hakuitazama simu. Aliutazama mlango.

"Kaibu," alisema.

Picha ya Sabra ikazimika. Aliniambia baadaye kwamba simu zote nne zilikufa papo hapo. Yangu haikufa. Yangu ilipanda. Mistari mitano. Nikatoka dirishani. Mitano. Nikaingia chumbani. Mitano. Nikaenda jikoni, ambako tangu tuhamie hapajawahi kusoma hata mmoja.

Mitano.

Pazia la mlango lilikuwa limevimba kwa ndani, na nje hapakuwa na upepo.

Sabra alifika analia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya beseni la mchele.

"Mliingia kwa hodi," alisema. "Mkatoka kwa neno gani?"

Sabra alifuta machozi.

"Nakuuliza. Ulimuaga mwenye nyumba?"

"Mama, lile ni gofu. Hamna mtu."

"Na aliyewapa huo mtandao wenu ni nani? Ulibisha, ukapokewa, ukahudumiwa, ukatoka kama mwizi. Mwenyeji katoka kukusindikiza, na hakuna aliyemwambia inatosha, rudi." Akaufuta mkono kwenye kanga. "Sasa kafika. Na kakaribishwa."

Jioni hiyo Nasri alimega wali wake, akanyoosha mkono pembeni kama anayempa mtu, mahali ambapo hapakukaa mtu. Asubuhi hakuitika jina lake. Macho yalikuwa wazi. Mama yake alimwita, akamtikisa, akamwimbia. Aliangalia kona ya chumba, akatabasamu kidogo, kama anayesimuliwa kitu kizuri. Hakunywa wala hakula. Hospitali walimpima kila kinachopimwa, wakasema mtoto mzima.

"Rudi," Mama alimwambia Sabra. "Rudi ukaage. Huyu mtoto hatutamwacha aende."

Hosea angeweza kukataa. Alipiga ishara ya msalaba, ingawa ni Mlutheri, akawasha gari.

Wanaume wa kijiji walikuwa barabarani, wamekamata mawe. Masoud alikuwa mbele.

"Mmefuata nini?"

"Nipishe, kaka. Nakuja kuaga tu. Mwanangu anaumwa."

"Wa kwangu pia aliumwa," alisema Masoud. "Walikuja wa vipimo vya ardhi, wakaja wa sensa, wote tukawaelekeza pale. Walikuwa wana haraka, hawakubisha. Wewe ulibisha. Mmeondoka naye. Kaeni naye."

"Nimwambie tu arudi kwake."

"Kwake wapi?" mmoja nyuma akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya.

Sabra alitazama juu ya mabega yao. Nyumba haikuwepo. Walikuwa wameibomoa usiku wa siku ile aliyoondoka, ukuta hadi msingi, matumbawe yamerundikwa kama kuni. Palipokuwa sakafu palimwagwa chumvi.

Jiwe la kwanza lilipiga kioo. Sabra alishuka hivyo hivyo, akasimama nyuma ya mlango wa gari, akapaza sauti kuelekea lile rundo. "Ahsante kwa kutupokea. Umetufikisha. Inatosha. Rudi." Alisema mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka. Mawe yalikuwa yanaanguka. Hosea alimvuta ndani.

Saa hizo hizo, huku nyumbani, Nasri alipepesa macho.

Akaniangalia. Akalia, kilio cha njaa, kikubwa, kizuri. Alikunywa uji bakuli zima. Nilikwenda jikoni na simu: hakuna kitu. Chumbani: hakuna kitu. Nilikaa chini nikalia, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi hivyo kwa kukosa mtandao.

Sabra aliacha ile kazi. Hosea alirudi kwao Lushoto. Tuliendelea na maisha.

Juzi mchana, nyumba imetulia, Nasri amelala, nilitaka kumpigia mtu. Nikaenda dirishani. Ile mistari miwili haikuwepo. Hata mmoja. Nilidhani mnara umeharibika, lakini jirani alikuwa barazani kwake anaongea na simu, laini kama yangu.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nilizunguka na simu nyumba nzima, ukuta kwa ukuta. Sebuleni hakuna. Jikoni hakuna. Uani hakuna. Niliingia chumbani kwa Sabra, nikapita kabatini, nikapita dirishani, hakuna, nikainama juu ya kitanda cha mtoto kumfunika shuka.

Mitano.

Nikarudi nyuma hatua moja. Hakuna. Nikasogea. Mitano.

Nilimbeba taratibu asiamke. Nikatoka naye hadi uani, nikafungua mlango wa nyuma, nikasimama naye juani, simu imebanwa mkononi chini ya kichwa chake.

Haikushuka hata mmoja.