Nani Yumo Ndani ya Mwanakwetu?

Sogeeni, sogeeni. Hadithi hii haipendi kelele.

Msichana Subilaga alikaa kule juu, milima ya Rungwe. Ukungu wa kule, jamani, hauna adabu. Unashuka mchana kweupe na kumeza nyumba.

Baba yake alikuwa na lori kuukuu la kubebea viazi. Lori hilo liliitwa Mwanakwetu.

Subilaga alilipenda mno. Alizaliwa humo humo, kwenye kiti cha mbele, njiani kwenda hospitali!

Siku moja Baba alimbadilishia Mwanakwetu chujio la oili. Ni kama chujio la chai, ila hili linazuia uchafu usiingie kwenye injini.

Chujio la Mwanakwetu ni la kizamani. Ni la karatasi, na linakaa ndani ya kopo la chuma.

Baba akawasha injini. Mwanakwetu akalia.

Nguuu... tik, tik, tik.

"Nani yumo humo ndani?" Subilaga akanong'ona.

"Hamna mtu, mama," Baba akasema. Lakini hata yeye alirudi nyuma.

Akazima. Akawasha tena.

Nguuu... tik, tik, tik.

Bwana Kalindile alikuwa amesimama uani. Kazi yake ni kununua vyuma chakavu.

"Baba Subi, gari limekwisha hilo," akasema. "Nakunywa chai kwa jirani. Nikirudi bado linalia, nalinunua na kulivunja vipande vipande."

"Sawa," Baba akajibu kwa unyonge.

Subilaga akashika mlango wa lori. Mwanakwetu avunjwe vipande vipande? Hapana! Hapana kabisa!

Baba akazima injini, akaingia chini ya lori, akalegeza kopo. Oili ikadondoka. Dop. Dop.

Subilaga akachungulia ndani ya kopo. Akaligusa chujio kwa kidole. Likayumba.

"Baba, mbona linacheza?"

Baba akashtuka. "Loo! Springi! Chini ya chujio hukaa springi, inalisukuma litulie. Bila hiyo linagonga kopo, tik, tik. Nimeisahau kwenye lile chujio la zamani!"

"Liko wapi?"

"Nimelitundika kwenye nguzo ya uzio. Oili ichuruzike kwenye mti, mchwa wasiule. Nikiachia kopo hili, oili yote inamwagika. Nenda wewe, mama."

Subilaga akatazama. Uzio haukuwepo. Ukungu ulikuwa umeumeza.

Akaenda polepole. Polepole. Nyuma yake, nyumba nayo ikapotea.

Nguzo zikatokea, moja moja. Nyeusi. Kimya. Zimesimama kama watu.

"Hodi," Subilaga akasema.

Hakuna aliyeitika.

Dop... dop...

Kitu cheusi kilikuwa kinaning'inia. Kilikuwa kinadondosha matone.

"Nani yumo humo ndani?"

Kimya.

Subilaga akafumba macho, akaingiza mkono. Baridi! Utelezi! Mara kitu kikamshika kidole!

"Mama weee!"

Akavuta mkono. Kumbe ni springi, imemzunguka kidole kama pete! Hakungoja kuivua. Alitimua mbio nayo hivyo hivyo.

"Ndiyo hiyo, mwanangu!" Baba akasema. Akaiweka chini ya chujio, akakaza kopo, kri, kri, kri.

Bwana Kalindile akatokea ukunguni na nyundo yake begani.

Baba akawasha.

Nguuu...

Subilaga akaziba masikio. Bwana Kalindile akainua nyundo.

Nguuu... vuru... vuru... vuruvuruvuru.

Wote watatu wakatega sikio. Wakangoja ile tik.

Tik haikuja.

"Haya, mmenishinda," Bwana Kalindile akasema. Akaondoka zake, na ukungu ukammeza.

Subilaga akamkumbatia Mwanakwetu kwenye taa, gauni likajaa oili. Hakujali hata kidogo.

Jioni Mama alimsugua vidole kwa sabuni, akamlaza. Baba akaja kumfunika. Funguo za lori zilikuwa mfukoni mwake.

Nje, ndani ya ukungu, taa za Mwanakwetu zikawaka. Kidogo tu. Kisha zikazimika.

"Baba, umeona?"

Baba akapapasa funguo mfukoni. "Nimeona," akasema. "Anakuaga, ulale salama. Mpungie mkono."

Subilaga akapunga mkono kuelekea gizani. Akavuta blanketi hadi puani, akalala fofofo.