Kuni za Kuazima

Kila asubuhi, muadhini akishamaliza tu wito wa alfajiri, Safi alikuwa amekwisha kutoka nyumbani kwao Alunguli, ng'ambo ya mto, kamba begani, kwenda kutafuta kuni. Wakubwa walipenda kusimulia kwamba zamani msitu ulianzia nyuma ya nyumba. Safi aliwasikiliza kwa hasira, kwa sababu huo msitu wao walikuwa wameupikia wote. Sasa ilimbidi kupita mashamba ya mihogo, kupita bonde la matope, kupita na vichaka ambavyo wengine walikwisha kuvikwanyua, ndipo apate vijiti vya kuivisha sufuria moja ya sombe, mboga ya majani ya mihogo. Akirudi alitupa mzigo chini, akanawa miguu, akavaa sare ya shule na kukimbia. Siku nyingi aliwakuta wenzake wamekwisha kuanza somo.

Mwalimu Matata wa darasa la sita hakuwa mtu mkali, lakini hata mtu mpole huchoka.

"Tena, Safi?" aliuliza asubuhi hiyo.

"Kuni, Mwalimu."

"Jana kuni, juzi kuni! Mtihani wa taifa hautakungojea umalize kutafuta kuni. Shule haiwezi kupeleka jina la mutoto ambaye anakosa somo la kwanza kila siku. Sema na mama yako. Ukiendelea hivi mpaka tupeleke majina, lako halitakuwamo."

Safi alikaa kwenye benchi. Bila mtihani huo hakuna sekondari, na bila sekondari alijiona akibeba kuni mpaka azeeke. Angesema na mama nini? Baba alikuwa mbali, kwenye machimbo ya Kama, anachimba dhahabu ambayo kila mara ilikuwa karibu kupatikana. Mama alikaanga mikate, yaani maandazi, ya kuuza kivukoni, na mikate haikaangwi kwa maneno. Nyumbani kila mtu alikuwa na kazi yake, na ya Safi ilikuwa kuni.

Juma hilohilo Papa Gérard, mkuu wa mtaa wao, alipita akipiga hodi nyumba kwa nyumba. Alisema kwamba kesho, Jumamosi, Madame Claudine, mwalimu wa uchumi katika chuo kikuu, atavuka mto kuja kupima kuni katika majiko ya mtaa. Anafanya utafiti kuhusu maisha ya watu na msitu. Apokewe vizuri. Alisema hayo tu, akaenda zake.

Mama Safi alishika kiuno.

"Muntu wa universite aingie jikoni kwangu, akute vijiti vitatu? Atasema nini kuhusu sisi?"

"Atasema tuko na vijiti vitatu," Safi alijibu.

"Nyamaza! Mugeni anapokewa na heshima."

Akaondoka moja kwa moja kwenda kwa Mama Djamali, jirani wa nyumba ya kwanza ya mtaa, ambaye mwanawe alileta kuni kwa baiskeli kutoka mbali. Huyo peke yake mtaani ndiye aliyekuwa na tita la maana: magogo manene, makavu, yaliyofungwa kwa mpira wa gurudumu. Mama Djamali hakuwa mchoyo. Alikubali mara moja. Shida ni kwamba alikuwa amekwisha kuwakubalia wengine pia, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila mwanamke wa mtaa alikuwa amepatwa na wazo lilelile. Wakapatana: mgeni akimaliza nyumba moja, tita lipitishwe upande wa nyuma, lifike nyumba ya pili kabla yake. Na nani alichaguliwa kulibeba? Safi, bila shaka, maana yeye ndiye aliyezoea kubeba kuni.

Jumamosi mchana Madame Claudine alifika, suruali imelowa magotini kwa maji ya mtumbwi, mkononi mizani ya kuning'iniza. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mwenye kicheko cha karibu. Alianza kwa Mama Djamali, akapima, akaandika. Alipokuwa anaagana na wenyeji mbele, Safi alikuwa nyuma, tita kichwani, akipenya kwenye ua wa miti huku mbu wakimuuma. Alilishusha nyumba ya pili. Likapimwa. Akalibeba tena. Nyumba ya tatu ilikuwa kwao.

Alilitupa jikoni, akatoka nje kuvuta pumzi. Mama alikuwa mlangoni tayari, kitambaa kipya kichwani, akisema karibu, karibu, Madame. Waliingia jikoni pamoja. Hakukuwa na kitu. Mafiga matatu, sufuria, na majivu.

Mama aliinua sufuria, akaangalia nyuma yake.

Safi alijua. Alikimbilia chumbani. Bibi yake, Koko Zaina, alikuwa amekaa kitandani kwa utulivu mkubwa, na chini ya kitanda kichwa cha gogo kilikuwa kinachungulia.

"Koko, kwa nini umeficha kuni?"

"Nani anapima vitu vya watu bila sababu?" Koko alinong'ona. "Wakati wa vita wale wenye bunduki walianza kwa upole vilevile. Mama, muko na mbuzi ngapi? Mama, iko mchele? Kesho yake walirudi na kamba na magunia. Nimejifunza mimi. Muntu akikuuliza uko na nini, sema hauna kitu."

"Lakini hata hizi si zetu!"

"Hiyo njo mubaya zaidi. Watabeba za Mama Djamali."

Safi alitamani kulia, lakini hakukuwa na nafasi ya kulia. Katika nyumba moja mmoja anaazima kuni ili aonekane anazo, mwingine anazificha ili aonekane hana, na yeye katikati ndiye mwenye shingo inayouma. Aliliburuta tita mpaka jikoni. Madame Claudine alicheka, akasema wamefanya vyema kuzihifadhi mvua isizipate. Akapima. Akatazama alichoandika, akatikisa kichwa.

"Ajabu. Nyumba zote tatu uzito unakaribiana sana. Bila shaka mnanunua kwa mtu mmoja."

"Ndiyo, Madame, mtu mmoja," Mama alisema haraka, akimletea kiti na kikombe cha chai ya tangawizi.

Madame alikaa, akanywa, akashusha pumzi. "Nitawaambia ukweli, mama. Nilikuja na wasiwasi. Kuna kazi inaandaliwa: majiko ya udongo yanayokula kuni kidogo, na shamba la miti inayoota haraka karibu na nyumba. Lakini vitatosha mtaa mmoja kwa sasa, na lazima tuanze pale ambapo shida ni kubwa zaidi. Niliogopa kwamba hapa watoto wanakosa shule kwa sababu ya kuni. Kumbe hamjambo. Sina haja ya kupima nyumba zilizobaki. Nashukuru Mungu, nitakwenda mtaa mwingine."

Safi alimtazama mama yake. Mama alitazama chini. Ilikuwa wazi kwamba na yeye alikuwa amesikia. Kukiri mbele ya mgeni aliyekwisha kunywa chai yake? Hapana. Madame akaweka kikombe chini, akaanza kukunja mizani.

"Madame," Safi alisema, "hizi kuni si zetu."

"Safi!"

"Si zetu, Mama! Ni za Mama Djamali. Ni zilezile ulizopima kwake, Madame, na nyumba ya pili, mimi ndiye niliyezibeba. Sisi hatuna kuni. Mimi natoka alfajiri na nachelewa shule, na Mwalimu amesema jina langu halitakwenda kwenye mtihani. Nimechoka! Kila mtu hapa anaona haya kwa sababu ya kuni, hakuna anayeona haya mimi nikikosa shule!"

Maneno ya mwisho yalimtoka kwa kelele, akaogopa mwenyewe. Mama alikuwa amesimama.

"Unanivua nguo mbele ya mugeni, Safi. Mimi mama yako!"

Koko Zaina alitokea mlangoni, mkono ukutani. Hakumtazama mjukuu wake, alimtazama binti yake. "Madame, musimuone mubaya huyu," alisema. "Wakati wa vita mji ulizungukwa, hakuna aliyethubutu kwenda porini. Alikuwa mutoto kama Safi. Tulikata kitanda, tukakata mulango, tukapikia. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia nyumba isiyokuwa na mulango na kumucheka. Tangu siku hiyo hataki muntu aone jiko lake tupu."

Safi hakuwahi kusikia habari hiyo. Hasira yake ilipungua, lakini haikwisha. Huruma kwa mama haikumrudisha darasani.

Madame Claudine hakucheka tena. Alitoa karatasi aliyoandika mchana ule, akaifuta kwa kuipiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini.

"Mimi pia nimefanya upuuzi," alisema kwa kujikasirikia. "Nimetangaza ziara kama harusi, halafu nashangaa watu wamepamba nyumba. Na sikueleza ninapimia nini. Koko ana haki ya kuuliza. Safi, Jumatatu unakwenda kuni saa ngapi?"

"Alfajiri, Madame."

"Basi nitalala kwa Papa Gérard Jumapili. Tutakwenda pamoja."

Mama hakumsemesha Safi jioni ile wala siku iliyofuata. Aliweka sahani yake mbele yake kwa kishindo, basi.

Jumatatu Madame alikuja kweli. Bondeni matope yalimmeza kiatu, wakapoteza muda kukitafuta. Vichakani alijikwaruza mikono, akauliza mara kwa mara kama wamekaribia, na kila mara Safi alisema bado. Waliporudi, Madame alipima mzigo wa Safi. Mshale wa mizani ulisogea kidogo tu, akautazama kwa ghadhabu kana kwamba umemtukana. Kisha walikwenda shuleni pamoja, na kutoka njiani walisikia darasa la sita likijibu maswali ya hesabu.

"Mwalimu," Madame alisema mlangoni, "mutoto huyu hachelewi kwa uvivu. Nimetembea naye, miguu yangu ni shahidi. Kuni zinaitwa za bure, lakini zinalipwa. Anayelipa ni yeye, kwa masomo yake. Mpe nafasi kidogo, na sisi wakubwa tutatengeneza upande wetu."

Mwalimu Matata alitazama matope hadi magotini mwa mwalimu wa chuo kikuu, akakubali kusamehe siku zilizopita, mradi Safi aanze kuwahi kabla ya siku ya kupeleka majina.

Lakini kupima nyumba moja hakukutosha, na wanawake wengine walikuwa bado wameshikilia uongo wao. Hapo ndipo Mama Safi alipoamka. Alijifunga kitenge, akaenda kwa jirani wa nyumba ya pili, kisha nyumba ya nne, kisha mtaa mzima, sauti yake ikisikika mpaka barabarani.

"Mimi nimevuliwa nguo tayari! Sitabaki peke yangu! Huyu mama hatuchukulii kitu, anatafuta pa kupanda miti. Fungua jiko lako, aone."

Wengine walinuna, wengine walicheka, lakini majiko yalifunguliwa. Safari hii Madame alieleza kwanza kwa nini anapima, alipita bila kutangaza siku, na Mama Safi alitembea naye akihakikisha hakuna gogo linaloruka ua. Hata Koko Zaina alimruhusu kuingia chumbani, ingawa alimfuata nyuma kila hatua na kumuuliza atarudi lini na atarudi na nani.

Utafiti ulipokwisha, ulionyesha kwamba mtaa wao ulikuwa na shida kubwa kuliko mitaa yote iliyopimwa. Wanawake walifundishwa kufinyanga majiko ya udongo. Moja liliwekwa jikoni kwa Mama Safi, na kuni za siku moja zikawa zinapika siku mbili. Miche ilipandwa kwenye uwanja uliokuwa umeachwa. Ilikuwa bado mifupi kama watoto wa chekechea, na mbuzi walipaswa kufukuzwa kila saa, lakini ilikuwa miti. Safi alianza kuwahi somo la kwanza, na siku ya kupeleka majina Mwalimu Matata aliliandika lake.

Siku ya mtihani Safi aliamka alfajiri kwa mazoea, akaanza kutafuta kamba. Mama alikuwa jikoni, uji umekwisha kuiva.

"Rudi, ukae," alisema. "Kuni nimeleta mimi."

Safi alikaa. Mama alimtilia uji, akakaa naye chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

"Siku ile nilitaka kukupiga," alisema. "Ningekupiga kwa kusema kweli. Mimi nilifikiri naficha umasikini wetu. Kumbe nilikuwa nakuficha wewe. Nikisema kuni iko, ninasema pia mutoto wangu hachelewi, hachoki, hakuna wa kumusaidia. Muntu akija kutafuta shida yetu ili aiondoe, tumuonyeshe ilivyo, hata kama inatuaibisha. Aibu inapita. Darasa likipita, halirudi."

Safi alikoroga uji. Alitaka kuomba msamaha na kutokuomba, yote mawili pamoja.

"Maliza uji," Mama akasema, na sauti yake ya kila siku ikarudi. "Na leo ukichelewa, usiseme ni kuni."