Waliosimama Wima Ndani ya Kioo

Saa kumi na moja jioni Mwalimu Grasiana alishuka kwenye basi pale Kabuku, akapanda bodaboda, akaingia njia ya vumbi iliyopita katikati ya mashamba ya mkonge. Shughuli yake ilikuwa moja tu: kuijaribu darubini, na ikimfaa, ainunue.

Alikuwa anafundisha fizikia katika sekondari moja ya Korogwe. Miezi minane alisoma habari za darubini kitandani mpaka simu inamwangukia usoni. Alishaamua kwamba anataka ya kioo, si ya lenzi, maana kioo kikubwa hukusanya mwanga mwingi na bei yake haimuumizi mtu sana. Kilichomsumbua ni ipi. Nyingine ni tamu kwa macho, lakini ukiifunga kamera nyuma yake inayumba kama mlevi. Nyingine inapiga picha nzuri za nyota, ila mwanafunzi akiomba kuiona Zohali na pete zake anaonyeshwa punje ya mtama. Grasiana alitaka moja ifanye kazi zote mbili.

Mzee Muhidini, mpima ardhi mstaafu, alikuwa nazo mbili. Aliuziwa na mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Alimpokea mwalimu uani, mkono wake mkavu na mwembamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umewahi, vizuri. Kwanza ule."

Mkewe, Bibi Mashavu, alitoka jikoni na sinia la pilau. Mama mnene, mcheshi, khanga mbili za njano mwilini. Alimmiminia mgeni maji ya kunawa, na hapo ndipo Grasiana alipoziona zile ncha za vidole. Nyeupe. Zimejikunyata, kama za mtu aliyeshinda kutwa akifua.

"Nisamehe kwa kuchelewa, mwanangu," Bibi Mashavu alisema. "Tulikuwa msibani ng'ambo ile. Binti wa watu, Shamsia. Tumemzika leo mchana. Mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake hapa kijijini."

Tonge lilikuwa limeshafika mdomoni. Grasiana alilimeza kwa adabu. Pilau ilikuwa laini, ina mafuta mengi, na nyuma ya viungo kulikuwa na harufu nyingine... kali, ya baridi, inayopanda puani. Karafuu zimezidi, alijisemea. Akala robo ya sahani, akasingizia kwamba jua linazama.

Darubini zilikuwa nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa wazi kuelekea bondeni. Ya kwanza ilikuwa bomba refu lililokaa juu ya kigoda cha mbao kinachozunguka.

"Hii ni ya macho," Mzee Muhidini alisema. "Mwezi utauona mpaka mashimo yake. Lakini picha usahau. Haizifuati nyota."

Ya pili ilikuwa fupi, nene, kioo inchi sita, imekaa kwenye miguu mitatu ya chuma yenye mota. Hiyo inafuata nyota polepole mbingu inavyozunguka, kamera inaweza kukaa dakika nzima bila picha kuchora mkia. Ukibadilisha lenzi ya jicho, unazipata sayari pia. Grasiana alipiga magoti, akachungulia ndani ya bomba. Kioo kilikuwa kisafi, kinang'aa mpaka pembeni. Moyo ukamdunda kwa furaha. Ndiyo hii.

"Tuilinganishe kabla giza halijaingia," mzee alisema. "Lenga kitu cha mbali. Ile nyumba ya bati kule mlimani."

"Ile yenye msiba?"

"Hiyohiyo. Watu wengi wameshatawanyika." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Usishtuke. Kioo kinageuza. Utaiona juu chini."

Hilo alilijua, analifundisha. Aliweka jicho, akazungusha kirekebishio taratibu. Ukungu ukajikusanya, ukawa picha. Nyumba ilining'inia kichwa chini, bati likiwa upande wa chini. Mbuzi wawili walikanyaga ardhi iliyokuwa juu yao. Moshi wa jikoni ulikuwa unateremka. Ukali wa picha ulimfurahisha. Kwa umbali wa zaidi ya kilomita alihesabu misumari ya mlango.

Alisogeza bomba kidogo, nyuma ya nyumba. Palikuwa na watu watatu. Walisimama vizuri, miguu chini, vichwa juu, na Grasiana akatabasamu. Angalau kuna kitu kimoja kilichonyooka, alifikiri.

Kisha tabasamu likamkauka.

Kioo hakibagui. Kinageuza kila kitu.

Kama nyumba iliyosimama inaonekana kichwa chini, basi mtu anayeonekana wima...

Alitoa jicho. Ng'ambo kulikuwa na doa la bati tu na moshi unaopanda. Alipumua, akarudisha jicho.

Walikuwa bado wapo. Vichwa vyao vilikuwa vimegusa ardhi, na miguu ilielea hewani kwa utulivu wa kuchukiza. Walisogea hivyohivyo, kwa utosi, wakiburuza nywele. Khanga zao hazikuporomoka. Walikuwa wamelizunguka shimo dogo lililofukiwa nusu, udongo wake ungali umelowa. Grasiana hakuhitaji kuambiwa ni shimo la nini. Ni humo yanamomwagwa maji yaliyomwosha maiti.

Walikuwa wanaramba.

Ndimi zilitoka ndefu, zikaingia topeni, zikarudi zimejaa. Walimeza macho yamefumbwa, kama watoto wanaonyonya. Mmoja alichomoa kitu cheupe, kilicholowa, akakitafuna polepole. Pamba. Alipogeuza uso, mashavu yakiwa yamevimba kwa kile alichokuwa nacho kinywani, Grasiana aliziona khanga mbili za njano.

Akamtambua.

Karafuu maiti! Ile harufu ya kwenye pilau haikuwa ya karafuu za jikoni. Ilikuwa karafuu maiti, ile inayopakwa kwenye sanda.

"Mwalimu..."

Sauti ilitoka nyuma yake. Bibi Mashavu alikuwa amesimama mlangoni, miguu chini, ameishika sahani.

"Hujamaliza chakula, mwanangu."

Alikuwa anatabasamu. Meno yake ya chini yalikuwa na mstari mwembamba wa tope, na utosini, pale mtandio ulipoteleza, hapakuwa na nywele. Palikuwa na ngozi nene, ngumu, imepasuka nyufa kama kisigino cha mkulima.

"Nimeshiba, bibi," Grasiana alisema. "Asante."

"Umeona nini huko?"

Mzee Muhidini alikuwa anamtazama mwalimu. Macho yake yalikuwa yanaomba jambo ambalo Grasiana hakulielewa.

"Sijaona kitu. Kioo kina vumbi."

Mzee aliinamisha kichwa.

Alisisitiza kumsindikiza mpaka barabarani, na mkewe hakukataa. Walitembea mpaka taa za maduka zikaonekana. Hapo mzee alimshika mkono.

"Mwanangu, nakusihi. Uliona wangapi?"

Grasiana alitaka kukimbia. Lakini mzee hakumwachia.

"Watatu," alinong'ona.

"Watatu." Mzee aliachia pumzi ndefu, machozi yakamtoka. "Hata mimi huwaona watatu. Miaka kumi na moja nawaona kila unapotokea msiba, na kila ninapotoa jicho, mke wangu yuko nyuma yangu. Nilidhani ni uzee. Nilidhani nimerukwa na akili." Alijifuta uso kwa kofia. "Ndiyo maana nikasema nauza. Sikutaka kuuza, mwalimu. Nilitaka mtu mwingine atazame."

"Kwa hiyo ulijua! Na ukaniacha nile?"

Mzee alirudisha kofia kichwani.

"Mzee, ondoka nyumba ile. Leo hii."

"Niende wapi? Nina miaka sabini na sita." Aliangalia alikotoka, na kwa haya akamalizia, "Na mimi sijui kupika."

Akageuka. Grasiana alimtazama akiifuata njia ya mkonge, mgongo umepinda, mtu anayerudi nyumbani kwa chakula cha jioni. Alihisi kinyaa zaidi kwa yule mzee kuliko kwa vile vichwa vya kule mlimani.

Basi lilipofika, hakuwahi kulipanda. Alishika nguzo ya kibanda cha machungwa, akatapika. Yalitoka maji meusi, mazito, yenye chengachenga za udongo. Mwishoni kitu kilimkwama kooni. Alikivuta kwa vidole viwili. Kilitoka taratibu, kirefu, kimelowa.

Kilikuwa kinyuzi cha pamba.

Mwenye kibanda alimpa maji. "Dada, umekula wapi leo?"



Kwa siku mbili hakula. Alisukutua kwa chumvi mpaka fizi zikatoka damu. Jumamosi na Jumapili alizimaliza akitafuta darubini nyingine mtandaoni, kama mtu anayejilazimisha kuwa mzima: inchi sita, bomba fupi, miguu yenye mota. Alimpata muuzaji wa Dar es Salaam. Itakapofika, alijiapiza, itatazama juu tu.

Jumatatu simu iliita saa tatu asubuhi akiwa darasani. Namba ya Mzee Muhidini. Akatoka nje kuipokea.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Bibi Mashavu, changamfu. "Mzee ameniambia yote. Hanifichi kitu, yule. Nimesikitika kwamba uliondoka na njaa."

Grasiana aliegemea ukuta wa darasa.

"Haya, fundisha. Nilishapita hapo kwenu asubuhi. Mlinzi ni kijana mpole sana."

Simu ikakatika.

Alikimbia. Alipita madarasa manne na bomba la maji, wanafunzi wakimshangaa dirishani. Hata kabla hajaufikia mlango wa ofisi ya walimu, ile harufu ilimpokea... kali, ya baridi.

Hotipoti kubwa ilikuwa juu ya meza yake, imefunguliwa. Walimu saba walikuwa wameizunguka na sahani zao. Mwalimu Obadia, wa Historia, alikuwa amebakisha mafuta kwenye vidole, anaviramba kimoja baada ya kingine.

"Grasiana, njoo! Usikasirike, tumeshindwa kukusubiri," alisema, mdomo umejaa. "Bibi yako anajua kupika."

Akaacha kutafuna. Akaingiza vidole viwili kinywani, akaanza kuvuta kitu kilichomnasa kwenye jino.