Wageni Waliogawanywa

Waitara Mseti wa kijiji cha Kisaka alikuwa mkulima na mfugaji. Kila asubuhi alifungua zizi, akawatazama ng'ombe wake mmoja mmoja, kisha akaenda kwenye shamba la ulezi. Mke wake, Christina, alikamua maziwa na kufagia ua. Mama mzazi wa Waitara, bibi Mokami, alikaa mlangoni pa nyumba yake ndogo akichambua mboga. Siku zilikwenda hivyo. Katika nyumba ile hakuna aliyelala njaa, na hakuna aliyejisifu, ila Waitara mwenyewe, kidogo.

Mwaka 1954, wakati wa kiangazi, chombo kilishuka kutoka mbinguni. Kilipasukia kwenye miamba ya upande wa mashariki. Wakatoka humo viumbe saba. Kimo chao kilikuwa cha mtoto anayechunga ndama. Ngozi yao ilikuwa na rangi ya majivu, na vidole vyao vilikuwa virefu. Hawakusema kwa mdomo. Waliguna kwa sauti ya chini, kama mzinga wa nyuki ukiusikia kwa mbali.

Watu walishika mikuki. Ndipo mmoja wa wageni alipochuchumaa na kuchora mchangani. Alichora duara kubwa, akachora moto juu yake. Akachora vyombo vidogo vingi vikitawanyika. Kisha akalifuta lile duara kwa kiganja.

Kila mtu alielewa. Kwao kumeungua, nao wamekimbia. Mikuki ikawekwa chini.

Wanaume wakaitana kwenye ritongo, ndio mkutano wa kijiji. Hawakubishana sana.

"Mwaka wa njaa kubwa baba zetu walipokea watu," alisema Heche, jirani wa Waitara. "Kila nyumba ilichukua mmoja. Walikula, wakakua, leo ni ndugu zetu. Tufanye vile vile."

Basi wageni wakagawanywa. Mkubwa wao alikwenda kwa Heche. Waitara alipata mdogo kuliko wote. Alimshika mkono akamwongoza nyumbani, kifua mbele.

"Mama Stanslaus," alimwambia mkewe, "lete maziwa. Mgeni wangu amefika."

Mgeni alikalishwa karibu na moto, mahali pa heshima. Akapewa maziwa ya mgando. Akapewa ugali wa ulezi na nyama ya mbuzi. Hakugusa kitu. Watu walijaa mlangoni kumtazama. Wengine walimsugua mkono waone kama rangi inatoka.

Baada ya siku chache ngozi yake ilianza kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Mguno wake ulipungua, kisha ukakoma.

"Huyu anakufa," alisema Christina.

"Ni uchovu wa safari."

"Safari gani inayomchosha mtu aliyelala? Baba Stanslaus, mgeni akifia humu ndani, utasema nini mbele za watu?"

Waitara alimsogelea mgeni, akaitazama ngozi yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni augue. Mgeni kufia mikononi mwako ni aibu, na aibu hiyo watoto wako huirithi.

"Na wa Heche?" aliuliza.

"Hivyo hivyo. Wote wako hivyo."

Waitara alikwenda dukani kwa Ogweno. Ogweno alikuwa Mjaluo kutoka upande wa Shirati, kando ya ziwa. Aliuza chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Wakati wa vita ya Hitla alikuwa mpishi katika kambi ya wakimbizi Wapolandi, kule Tengeru karibu na Arusha.

"Nipe dawa ya ngozi," alisema Waitara.

"Ya nani?"

"Ya mgeni wangu."

"Umempa nini ale?"

"Kila kitu. Amekataa kila kitu."

"Hata mimi walinikatalia kule Tengeru," alisema Ogweno. "Nilipika ugali mzuri, Wapolandi wakautazama kama ukuta. Mpaka tulipowaachia jiko wapike wenyewe."

"Wewe mtu wa samaki, nimekuomba dawa. Unanipa habari za Wazungu."

Ogweno alicheka. "Mtu wa samaki anajua jambo moja. Humtoi samaki majini, ukamfunika blanketi, ukasema umemkaribisha. Twende nikamwone."

Alifunga duka wakaenda. Mlangoni alimsalimu bibi Mokami. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuuzia nini leo?"

"Leo siuzi, mama. Nimekuja kumtazama mgonjwa."

Jambo la kwanza, Ogweno aliwaondoa watu mlangoni. "Mgonjwa si ngoma," aliwaambia. Jambo la pili, alimsogeza mgeni mbali na moto. Kisha akauliza, "Mlimwuliza anataka nini?"

"Atajibuje?" alisema Christina. "Hana maneno."

"Ana mikono."

Ogweno aliomba bakuli la maji, maziwa, chumvi, majani mabichi na blanketi. Akaviweka vyote mbele ya mgeni. Akarudi nyuma, akakaa kimya. Waitara alitaka kusogeza maziwa mbele kidogo. Christina alimvuta shati.

Mgeni alivuta bakuli la maji. Hakunywa. Alitumbukiza mikono yote miwili, na maji yakapungua machoni pao, yakiingia katika ngozi. Kisha akainua mkono uliolowa akaonyesha nyumbani kwa Heche. Akaonyesha upande wa pili, kwenye nyumba nyingine. Alionyesha nyumba zote sita walikokaa wenzake, ingawa hakuna aliyekuwa amemwambia wako wapi.

"Dawa ndiyo hiyo," alisema Ogweno. "Maji ni nusu. Wenzake ni nusu nyingine. Mtu akipoteza nchi yake, kilichobaki ni wale aliokimbia nao. Ukimtenga nao, umemfukuza mara ya pili."

"Hapana," alisema Waitara. "Nikimtoa, watu watasema nimemfukuza mgeni. Nilipewa na ritongo. Mwaka wa njaa walifanya hivi hivi, wala hakuna aliyeumia."

"Nani amekuambia?"

Aliyesema hivyo ni bibi Mokami. Alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake.

"Mimi nililetwa mwaka ule," alisema. "Mimi na dada yangu. Mimi nikawekwa katika nyumba hii, nikaja kuolewa humu humu. Yeye akapelekwa ng'ambo ya mto Mara. Maziwa nilipewa, nikanywa. Dada yangu sikumwona tena."

"Mama, hujawahi kunieleza hayo."

"Hujawahi kuuliza."

Waitara aliinama, akambeba mgeni mgongoni, akatoka naye. Christina alimfuata na bakuli la maji.

Heche alikuwa uani kwake. "Kulea kumekushinda, Waitara?"

"Kumenishinda. Na wewe kumekushinda. Lete wako."

Heche aliingia ndani, akamtoa, wakapita pamoja nyumba zilizobaki.

Kabla ya jua kuzama wageni wote saba walikuwa kwenye chemchemi ya kijiji, penye kibanda cha zamani. Wanaume walikata nyasi wakaanza kuezeka. Wanawake walijaza mitungi maji safi. Wageni walikaa kwa duara, mikono imegusana. Mguno ulirudi kabla paa halijakwisha.

Ogweno aliwafundisha mengine. Watu wasijazane kuwatazama wageni. Kila mwenye kuwahudumia anawe mikono kabla na baada, maana ugonjwa unaweza kutoka kwao au kutoka kwetu. Habari zipelekwe bomani mapema, zisifichwe. Na wageni wakipata nguvu, wasikatazwe kazi wanayoitaka.

Nguvu walizipata. Walichagua kuchimba. Walichimba mfereji kutoka chemchemi, na mboga za Christina zikawa kijani katikati ya kiangazi.

Siku moja lori lilifika kutoka bomani. Bwana mmoja wa serikali alishuka, akaitisha ritongo.

"Nitachukua wawili," alisema. "Wakubwa wanataka kuwaona Musoma. Watatunzwa vizuri."

Waitara alisimama.

"Bwana, sisi pia tuliwatunza vizuri. Walikuwa wanakufa."

"Wewe ndiye mwenye wageni hawa?"

Zamani Waitara angesema ndiyo, tena kwa sauti. "Hawana mwenye," alijibu. "Waulize wenyewe."

Bwana yule alimtazama. Kisha alivua kofia, akashuka mpaka chemchemi, akachuchumaa. Akachora lori kwenye tope. Akachora watu wawili ndani, na watano nje.

Mkubwa wa wageni aliutazama mchoro. Kwa kidole chake kirefu akachora wengine watano ndani ya lori.

"Nimeagizwa wawili tu," alisema bwana wa serikali.

"Basi wakubwa waje hapa," alisema Waitara. "Maji yapo."

Lori liliondoka tupu. Juma lililofuata lilirudi, limemleta daktari. Alishuka na mkoba wake, akatembea hadi kibandani, akasimama nje. Kwa ishara ya mkono akawauliza wageni aketi wapi.