Zawadi Iliyomkata Kaka Yangu Kisigino

Wewe ulipita!

Usigeuke nyuma kutafuta nasema na nani. Nasema na wewe. Ukiona habari ya Karamoja, huku kwetu Uganda, unasema, "Ah, hao wanauana tu wenyewe," unasogeza kidole, unaenda kucheka video ya mtu kaanguka na keki.

Leo utasoma mpaka mwisho.

Kaka yangu Lopeyok alikuwa amelazwa kifudifudi kwenye mavi ya ng'ombe, mikono imefungwa nyuma kwa ukanda wa ngozi. Ncha ya mkuki ilikuwa shingoni mwake.

Na aliyeushika huo mkuki... alikuwa Lokol.

Mchumba wangu!

"Shemeji," Lokol alisema polepole, kama mtu anayeomba tumbaku. "Nitajie wenzako. Nitajie tu, nikuue haraka."

"Sijui unasema nini, Lokol."

Teke likatua mbavuni. Nilisikia kitu kikivunjika ndani ya kaka yangu, kama kuni kavu.

Alfajiri ya siku hiyo wezi wa mifugo waliingia zizini kwa Lokol. Mdogo wake, Achia, alitoka na fimbo tu mkononi. Wakampiga risasi ya mdomo. Wakaswaga ng'ombe wote.

Vumbi lilipotulia, Lokol akainama kuangalia chini.

Nyota.

Nyota tupu! Kila mahali kwenye vumbi, nyota!

Elewa kitu kimoja. Kwetu mtu anajulikana kwa unyayo kabla ya sura. Kila mtu anajikatia katambuga zake, kwa tairi lake, kwa kisu chake. Ya kwangu ina pengo kwenye kidole gumba. Ya Lopeyok ililika upande wa kushoto. Mtoto mdogo anaangalia njia anakwambia, "Mjomba kapita hapa, na alikuwa na haraka." Mwizi akija, tunajua ni nani kabla hajafika kwao.

Halafu akaja Sagal.

Sagal ni mtoto wa hapahapa. Alienda mjini, akapata kazi kwa watu wanaogawa zawadi kwa vijana wa vijijini. Akarudi na gari, magunia na kamera. Ndani ya magunia kulikuwa na raba nyekundu. Zote za aina moja, soli moja. Chini ya kisigino, nyota!

Nilimfuata palepale.

"We Sagal, umemuuliza nani?"

"Dada Nachap, tangu lini mtu akaulizwa kuhusu zawadi?"

"Lopeyok anataka kengele ya dume lake. Nangiro anataka mashine ya kunyolea ajitafutie. Wasichana wanataka baiskeli ya kubebea maji. Wewe umeleta nini?"

"Nimeleta viatu! Mnatembea na matairi kama malori, halafu mnanuna?"

Watu wakacheka. Vijana wakavaa. Wakatupa katambuga zao motoni, wakacheza ngoma mchana kutwa wakitazama nyota zao kwenye vumbi.

Mimi shule sikumaliza, lakini kusahau pia sikufundishwa. Nakumbuka mwaka wa masweta, jua linachemsha ubongo. Nakumbuka mwaka wa mabegi ya shule, na shule yenyewe haipo. Nakumbuka mwaka wa filimbi! Waliwapa watoto wa malishoni filimbi. Watoto wakapuliza porini kwa furaha, mpaka wezi wakajua mifugo iko wapi. Tulizika. Waliozileta hawakurudi kuona makaburi.

Sasa mwaka wa nyota.

"Nyota zimetoka zizini kwangu," Lokol akanguruma. "Na nyota ziko hapa, mlangoni kwenu. Boma langu halikupewa hata kamba ya kiatu. Nani mwingine ana nyota?"

"Vijana wote wa hapa wanazo!" nikapiga kelele.

"Vizuri. Nitaanza na huyu."

"Kwa nini yeye?"

"Si ndiye alisema ng'ombe wangu wanapenda kwenu kuliko kwangu? Si alisema siku moja watahamia?"

"Alikuwa anatania ngomani, Lokol! Na wewe ulicheka!"

"Nilicheka." Macho yake yalikuwa mekundu. "Achia naye alicheka."

Vijana wake walikuwa wamewabana wenzetu ukutani mwa miiba. Nangiro alijaribu kuchomoka. Wakamvunja mkono kwa rungu. Akakaa chini akiushika kama mtoto mchanga.

Nikamgeukia baba.

"Baba! Sema neno! Huyu ni mwanao!"

Baba alikuwa anatazama chini. Anatazama nyota.

"Nyayo hazijawahi kutudanganya, mwanangu," akasema.

Nilitaka kumpiga. Naapa, nilitaka kumpiga baba yangu mzazi!

Ndipo nikainua kichwa nikaona tumbusi. Walikuwa wanazunguka juu ya korongo, upande wa mtoni.

Ng'ombe hakuna aliyekufa. Achia alishafunikwa.

Sasa kule chini kuna nani?

"Lokol! Alfajiri mlirushiana risasi. Mmoja wao hakupigwa?"

"Mmoja alipigwa. Alikimbia."

"Hakufika mbali. Nipe mtu mmoja wako, twende tukaone."

Akamwita binamu yake, Aleper.

"Nenda naye. Na wewe Nachap, ukirudi mikono mitupu, usiniulize kichwa cha kaka yako kiko wapi."

Nilikimbia mpaka mate yakaisha.

Tulimkuta amelala chini ya ukingo. Tumbo lilikuwa wazi. Alijikokota kwa viwiko, mchanga wote umechorwa. Begani alikuwa na makovu ya kuchanjwa, mistari ileile ya watu wa ng'ambo ya mto. Kila mtu kwetu anaijua mistari ile.

Na miguuni...

Raba nyekundu. Mpya!

Aleper akamwinua mguu mmoja. Nyota.

"Huyu si wa kwenu," akanong'ona.

"Usininong'oneze mimi! Kaseme kule!"

Nilijaribu kuvua kiatu, mguu ulikuwa umevimba. Nikakata kamba kwa meno. Ndani ya kile kiatu mlikuwa na damu ya mmoja wa waliomuua Achia, nami nilikikumbatia kama chakula.

Tulikuwa tumefika nusu ya njia tuliposikia sauti.

Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu. Nimewahi kuisikia kwa ngamia.

Nilipoingia bomani, Lokol alikuwa anafuta kisu kwenye shuka yake.

"Alitaka kusimama," akasema. "Nikahakikisha hatakimbia."

Alikuwa amemkata mshipa wa nyuma ya kisigino. Mguu wa kulia. Raba nyekundu ilikuwa bado mguuni, imegawanyika pamoja na nyama.

Nilimtupia kiatu cha maiti kifuani.

"Aleper!" akaita. "Nini hiki?"

"Cha mtu wa ng'ambo," Aleper akajibu. "Yuko korongoni. Nimeyaona makovu yake kwa macho yangu. Hao ndio waliomuua Achia, kaka. Siyo hawa."

Lokol akaketi palepale, kwenye damu ya kaka yangu. Akanyoosha mkono.

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo," Lopeyok akasema, uso bado uko kwenye mavi. "Usiniite hivyo tena mpaka ufe."

Uchumba ukaishia hapo. Hakuna kikao kilichoitishwa.

Lopeyok hakufa. Anajikokota. Mchungaji asiyeweza kufuata ng'ombe anakaa mlangoni, watoto wanamruka. Dume lake sasa linachungwa na mtu mwingine.

Mnadhani imeisha? Ngoja...

Sagal alirudi! Na gari, na kamera, na tabasamu. Alikuja kuona "vijana wanavyofurahia."

Watu wa boma la Lokol waliliona gari wakaja mbio; Lokol ndiye aliyemvuta kwa ukosi kupitia dirishani. Rungu la kwanza lilitua begani. La pili likaangusha meno. Wanawake ndio waliokuwa wakali zaidi, mama yake Achia mbele yao, na mchi wa kutwangia mtama.

"Ng'ombe wa watu! Mtoto wangu! Mla maiti wewe!"

Sagal alipoanguka miguu ikaelekea kwangu. Nikatazama.

Alikuwa amevaa katambuga!

Za tairi. Za kujikatia mwenyewe. Mtu wa mjini, mwenye mshahara, mwenye magunia ya viatu vipya nyuma ya gari...

"Simameni!" nikapaza sauti. "Simameni kwanza! Sagal, kwa nini wewe hukuzivaa?"

Akatema damu.

"Kwa nini hukuzivaa?"

"Baba yangu alikuwa mfuata nyayo," akalia. "Unamjua, Nachap. Nilijua. Niliwaambia ofisini, nikawaambia leteni soli tofauti tofauti. Wakasema za aina moja zinapendeza kwenye picha. Nikaogopa kazi yangu!"

Alijua!

Alijua wakati anatucheka. Alijua wakati anawafunga vijana kamba za viatu, mmoja mmoja, akiwaambia watabasamu.

"Na ng'ambo ya mto zilifikaje?"

Mama Achia akainua mchi.

"Nilianzia kule!" akapiga ukelele. "Nilianzia kule! Nyinyi mlipata zilizobaki!"

Lokol akainua mkuki. Nikaingia katikati, ncha ikagusa titi langu.

"Toka, Nachap."

"Sitoki."

"Unamhurumia huyu?"

"Huyu? Akioza nitafunga dirisha tu. Lakini maiti haisemi viatu vingine vinaenda wapi." Nikamkanyaga Sagal kifua. "Kuna lori lingine la viatu?"

Akaitikia kwa kichwa, ndiyo.

"Linaenda wapi?"

"Bonde la Nakolet. Linapakiwa leo."

"Upande gani wa bonde?"

Akafumba macho.

"Pande zote mbili."

Hao wa Nakolet, pande zote mbili, wameuana juzijuzi. Vijana wa huko bado wanalala na mikuki. Na mpaka sasa wanajuana kwa nyayo, kwa hiyo anayekufa ni mwizi, siyo jirani.

Tumempeleka Sagal mjini kwa gari lake mwenyewe, amefungwa, ili ayarudie hayo mbele ya waliomtuma. Njiani simu zao hazipokelewi. Nimeandika haya nikiwa nimemkalia miguu.

Sasa wewe.

Wewe unayekusanya zawadi kanisani, msikitini, kazini, kwenye kundi lenu la wema. Usiniandikie "pole dada." Pole yako haishoni mshipa.

Inuka uende kwenye hilo lundo lenu. Shika kitu kimoja, chochote. Uliza: kijana gani alikiomba hiki? Anaitwa nani? Nani aliongea naye?

Wakikutajia jina, kifunge vizuri kiende.

Wasipokuwa na jina, kishushe. Na kinachofuata, kishushe. Wakikuita mchoyo, endelea kushusha.

Hujui lundo liko wapi? Unamjua anayelikusanya. Mpigie.

Sasa hivi. Mpigie!