Mkono wa Kushoto wa Broadnax

Siku shati la Lemuel Broadnax lilipochanika sokoni, nusu ya mji wa Toledo ilikuwa pale ikinunua nyanya.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi. Alikuwa amebeba matikiti mawili, moja kila kwapa. Akainama kumwokotea bibi mmoja kofia yake, na shati jeupe likaachia mgongoni, kutoka shingoni hadi kiunoni. Mlio wake ulifika hadi kwa muuza asali. Watu walicheka. Kisha mmoja akamtambua, na kicheko kikakoma. Wakamsogelea, wakaanza kumgusa mabega kama watu wanaotaka kununua farasi.

Mji mzima ulikuwa unamngoja mtu huyu. Katika mpira wetu, ule wa kushika kwa mikono, wapo wanaume watano wanaoinama mbele ya mrushaji ili maadui wasimfikie. Hao watano tunawaita ukuta. Msimu uliopita ukuta wa Wapuliza Kioo, timu yetu, ulivunjika kila Jumapili. Mrushaji aliangushwa mara sitini na moja, na mara ya mwisho alitolewa kwa machela. Ndipo mwezi wa tatu timu ikamleta Lemuel, mtu wa Mississippi, umri miaka ishirini na tisa, uzito ratili mia tatu na ishirini, asimame wa pili kutoka kushoto. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja. Redioni wakasema dawa imepatikana.

Nyuma ya bibi wa kofia alisimama Renata Kocsis na mfuko wa pilipili. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alivaa gauni la kitani la buluu alilolishona mwenyewe, na shingoni alikuwa bado na tepu ya kupimia, maana alisahau kuivua. Hakuwa mtu wa kusemesha wageni. Ila mshono mbaya ulimuudhi kuliko haya ilivyomzuia.

"Wameshona kwa uzi mmoja," alisema. "Si kosa lako."

Lemuel akageuka. "Nilidhani ni kosa la chai ya asubuhi."

"Chai nayo imechangia."

Akamtazama, kisha akacheka polepole, kama mtu aliyesahau namna. Akauliza fundi huyu anapatikana wapi. Renata akamwambia ni Mtaa wa Consaul, mlango wa kijani, na papo hapo akajuta kusema, akaondoka bila kununua nyanya.

Jumatatu Lemuel alileta mashati matano. Alhamisi alikuja hana shati la kushonwa. Aliketi kwenye kiti cha wateja, kiti kikalia kwa uzito wake, akamtazama Renata akipinda mapindo mpaka jua likahama dirishani. Wiki tatu baadaye walikuwa wakipigiana simu kila jioni mazoezi yanapokwisha. Lemuel alimwita fundi. Renata alimwita kabati.

"Umekula nini leo, kabati?"

"Mayai kumi na mawili, kuku mzima, na wali wa familia ya watu wanne."

"Na familia hiyo imekula nini?"

"Hilo sikuuliza, fundi wangu."

Mwezi wa saba alimwomba amshonee suti. Timu inaposafiri, wachezaji hupanda ndege wakiwa na suti, na safari ya kwanza ilikuwa mwezi wa tisa. Alisema hajawahi kupata koti linalomwenea mabegani. Alitaka kushuka kwenye ndege kama mtu, si kama sofa. Renata akachagua kitambaa cha kijivu kizito na bitana nyekundu iliyoiva, rangi ambayo mwenye koti huijua peke yake.

Siku ya kujaribu ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa nane. Lemuel alisimama katikati ya duka na koti lisilo na vifungo, akimsimulia habari za mama yake na bata wake. Renata alipiga magoti, akashikiza pindo la mkono wa kushoto. Pini ikateleza, ikapita kitambaa, ikaingia nyama ya kiganja. Aliisikia ikiingia. Akangoja ukelele.

Lemuel aliendelea na bata.

Tone la damu likatokea kwenye kitambaa. Renata akachukua pini nyingine, akaigusisha kwenye ncha ya kidole cha mwisho, taratibu, kisha kwa nguvu kidogo. Lemuel alikuwa anatazama dirishani.

"Lem. Nimekugusa wapi?"

Akainamisha macho. "Kidole cha mwisho."

"Nimekuuliza kabla hujatazama."

Habari za bata zikaishia hapo. Lemuel akaketi, kiti kikalia, akamweleza yote. Mwaka jana, akiwa na timu nyingine, alipigwa shingoni. Moto ulishuka mkono mzima, halafu moto ukazimika, na tangu hapo ganzi imekuwa ikipanda, kidole baada ya kidole. Madaktari wakimpima, yeye huangalia wanapogusa, kisha hujibu. Hakuna aliyewahi kumfunika macho.

Renata akamwambia amweleze daktari wa timu.

"Nikimweleza, nimekwisha," alisema Lemuel. "Tangu nina miaka kumi na minne kazi yangu ni kusukuma watu. Sina nyingine."

"Na mkono je?"

"Mkono unasukuma. Si lazima uhisi ndipo usukume."

Akamwomba aape hatamwambia mtu. Renata aliapa. Jambo jingine alilosema lilikuwa kwamba damu kwenye kitambaa cha kijivu hutoka kwa maji baridi.

Jumapili iliyofuata Lemuel alialikwa kwa mzee Bela Kocsis, baba yake Renata. Mzee alikuwa amepuliza kioo kiwandani miaka thelathini na moja, hadi kiwanda kikafungwa. Sasa kazi yake ilikuwa kupiga simu redioni kila asubuhi kwenye kipindi cha mpira. Mji mzima ulimjua kama Bela wa Mashariki. Alikuwa na mawazo mengi juu ya ukuta. Miaka arobaini alikuwa anangoja kuona ukuta mmoja mzuri kabla hajafa, na hilo alimwambia mgeni wake hata kabla hajamkaribisha kiti.

Alipika mchuzi wa kuku wa pilipili nyekundu na matonge ya unga. Renata alipokwenda jikoni kukata mkate, mzee alitoa bakuli kwenye oveni kwa kitambaa, akamnyooshea mgeni bila kufikiri. Lemuel akalipokea kwa mkono wa kushoto, mkono mtupu. Akalishika huku akimalizia alichokuwa akisema, kisha akaliweka mezani bila haraka. Mzee Bela aliangalia kile kiganja kilivyokuwa chekundu. Akapakua mchuzi. Renata aliporudi na mkate aliwakuta wanaume wawili wanakula kwa amani.

Jumanne asubuhi mzee akapiga simu redioni.

Alisema ana wazo la kuupa ukuta nguvu. Broadnax ni mzuri, tatizo wamemweka upande usio wake. "Mkono wa kushoto wa yule kijana umekufa ganzi," alisema. "Mhamishieni kulia, asukume kwa mkono ulio hai. Mtaona." Mtangazaji akacheka, akamuuliza amejuaje. Mzee akajibu kwa fahari kwamba Jumapili wamekula meza moja.

Redio ilikuwa wazi kwenye bwalo la timu. Watu sitini waliacha kutafuna. Saa nne ilipofika, Lemuel alikuwa ameketi kitandani kwa daktari, macho yamefunikwa taulo. Aliguswa mara kumi, akakosea saba.

Mchana alimpigia Renata.

"Ulimwambia baba yako."

"Sikumwambia."

"Tulijua watu wawili tu, Renata." Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu siku ya matikiti.

"Sikumwambia mtu yeyote."

"Basi imesema pini," alisema Lemuel, na simu ikakatika.

Renata alimpigia mara nne. Halikuja jibu. Alirudi kwenye cherehani. Kulikuwa na magauni tisa ya wasimamizi wa harusi, yote rangi ya pichi, yote ya kupunguzwa kiunoni. Aliyapunguza. Hakulia, akajishangaa kidogo kwamba halii. Wiki ile alishona mpaka suti ikakamilika pia, kwa kuwa nguo isiyokwisha hukalia meza. Akaifunika, akaitundika mwisho wa reli. Kila alipoipita haikumtia huzuni wala furaha. Ilikuwa imechukua nafasi tu.

Timu ikamwacha Lemuel kabla mwezi haujaisha. Daktari alimwambia pigo jingine baya lingepoozesha na miguu. Akarudi kwao Mississippi, akapasuliwa shingo.

Mzee Bela alikuwa bado hajui. Alimuuliza binti yake kwa nini yule kijana haji tena, na kwa nini wamemwacha badala ya kumhamisha upande. Renata akamweleza yote, pamoja na kiapo. Mzee akaweka kijiko chini.

"Ni bakuli," alisema.

Akanyoosha mikono yake mezani. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, zimekufa kwa moto, kama za mafundi wote wa kioo. Mtu anayeshika moto hivyo yeye anamjua, alisema, kwa kuwa na yeye ni huyo. Alidhani timu wanajua, ila wamekosa wazo la kumhamisha. "Nilikuwa nawasaidia," alisema. Renata alimwambia ale, chakula kinapoa.

Kesho yake mzee alimpigia Lemuel simu, akamsimulia habari ya bakuli mwanzo hadi mwisho. Lemuel alisikiliza yote. Akasema ahsante kwa kumweleza, akaaga.

Tangu siku hiyo mzee hakupiga tena simu redioni. Wiki ya pili mtangazaji aliuliza hewani kama Bela wa Mashariki amefariki. Msimu ukaanza. Ukuta ulisimama Jumapili tatu, halafu ukavunjika kama zamani, na watu wakaanza kuzungumzia mwakani.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya theluji ya kwanza, mlango wa kijani ulifunguliwa. Renata hakumtambua mara moja. Watu wa ukuta wakiacha kucheza huacha na kula, na mwili hutoka kama nguo ya kuazima. Alikuwa amevaa koti la sufu la kahawia, na juu ya kola kulikuwa na kovu jipya. Kiti cha wateja hakikulia alipokikalia.

"Nimefuata suti yangu," alisema.

Akaivaa. Mabega yalishuka hadi karibu na viwiko. Ndani ya suruali pangeweza kuingia mtu wa pili. Walitazama kioo kwa muda.

"Alikuwa nani huyu?" aliuliza Lemuel.

"Kabati."

"Na sasa?"

"Stuli," alisema Renata, kabla hajajizuia.

Lemuel akacheka, polepole, kama siku ile sokoni. Renata akachukua sahani ya pini na chaki, akaanza kupunguza. Alianzia mgongoni, ambako hawakuonana uso.

"Baba yako aliniokoa shingo," alisema Lemuel. "Bado sijamsamehe."

"Na yeye hajajisamehe. Hapigi tena redioni."

"Najua. Nilikuwa nasikiliza kwa simu kule nyumbani. Kipindi kimepooza."

Renata alitoa pini mbili kinywani. "Na mimi?"

Lemuel alisema ukweli aliujua siku ile ile mzee alipompigia. Ila aliona aibu, na siku zilivyopita aibu akaizoea. Kila asubuhi alishika simu, akaiweka.

"Ungeniuliza kwanza," alisema Renata. "Kabla ya kukata."

"Ni kweli, ningekuuliza."

"Sikujua hata kama nina hasira. Sikujua kitu. Nilikuwa nashona tu."

"Hiyo naijua," alisema Lemuel. "Mimi ninayo mkononi."

Renata akahamia mbele, akapiga magoti kwenye pindo la mkono wa kushoto. Doa la damu lilikuwa limetoka kabisa. Alimuuliza suti hii ataivaa wapi, maana ndege hakuna tena. Lemuel akamwambia ipo shule ng'ambo ya mto iliyomwita mwakani afundishe ukuta wake. Watoto wana nguvu ila husimama wima mno. Kazi ya kaptula na filimbi.

"Basi suti ya nini?"

Lemuel aligeuza uso dirishani, kwenye theluji.

"Nilitumaini fundi ataniambia," alisema. "Siku na mahali. Na gauni la kusimama kando yake alishone mwenyewe. Madukani wanashona kwa uzi mmoja."

Gari la kuondoa theluji likapita Mtaa wa Consaul. Lemuel hakugeuka. Alingoja kama alivyozoea kungoja mpira uanze, mabega yametulia, pumzi imeshikwa, na alivyozidi kungoja shingo yake yenye kovu ikazidi kuinama.

"Lem," alisema Renata. "Nimeshakujibu."

"Sijasikia."

"Sikusema. Nimekushika mkono. Kitambo sasa."

"Mkono huo siwezi kujua mpaka nitazame."

"Basi tazama."

Akatazama.